Jinsi ya kupima ugumu wa ratiba kwenye orodha ya mtoano wa futiboli ya vyuo Marekani: mwongozo kamili

Kila mwaka ikifika mwanzoni mwa Desemba kamati ya watu 13 inajifungia hotelini Grapevine, Texas, inatoa orodha ya mwisho ya timu za mtoano wa futiboli ya vyuo (ile ya Kimarekani, sio soka), na hata haijaisha nusu saa mitandao imeshawaka moto, huyu kacheza na vibonde mwaka mzima, huyu kafungwa mechi tatu mnambebea nini, huyu konferensi yake (kundi la vyuo vinavyocheza ligi yao wenyewe) nyepesi, yaani kelele za kila upande. Ukiuchambua ubishi wote ule unakuta unarudi palepale kwenye ratiba.

Kwa aliyezoea soka hii shida inaweza kumshangaza. Ligi Kuu Bara timu 16 kila mmoja anakutana na mwenzake nyumbani na ugenini, mechi 30, mwisho wa msimu msimamo unaongea wenyewe na hakuna wa kuleta habari za ratiba. Vyuo vya Marekani sivyo kabisa. Daraja la juu, FBS, mwaka 2025 lilikuwa na timu 136 na kila timu inacheza mechi 12 tu za msimu wa kawaida, kwahiyo timu mbili zinazogombea nafasi moja zinaweza kumaliza msimu hazina hata mpinzani mmoja waliyecheza naye wote. Ndo maana lazima upate njia ya kulinganisha 11-1 (ushindi 11, kipigo 1) ya huyu na 9-3 ya yule, na njia yenyewe unaweza kuitengeneza mwenyewe kwenye Excel au Google Sheets, jioni moja inatosha.

Msimamo wangu nautaja mapema ili ujue naelekea wapi. Ratiba ngumu yenyewe sio sifa, kucheza na Georgia (moja ya timu kali za vyuo) sio mafanikio, mafanikio ni ulichofanya ulipocheza naye. Kwahiyo ugumu wa ratiba uingie kwenye hesabu mara moja tu, kama kipimo cha rekodi, na usirudi tena baadae kama bonasi. Makosa mengi ninayoona kwenye mabishano (na kwenye maelezo ya kamati pia, nisiwaonee aibu) ni kuihesabu mara mbili au kutoihesabu kabisa.

HATUA YA 1: AMUA UNAULIZA SWALI GANI

Kuna swali la nani ni timu bora na kuna swali la nani anastahili, na watu wanayachanganya kila siku. Timu bora ni ile ambayo wakikutana kesho unaiwekea hela yako. Anayestahili ni yule ambaye matokeo yake ya msimu ndo makubwa zaidi. Florida State 2023 ni mfano unaouma mpaka leo: 13-0, bingwa wa ACC (moja ya konferensi kubwa), halafu wakawekwa wa 5 kipindi mtoano unachukua timu 4, sababu kwotabeki wao (mchezaji anayeongoza mashambulizi) Jordan Travis alikuwa ameumia, na Alabama wa 12-1 akaingia. Ukiuliza nani bora bila Travis kamati ina hoja, ukiuliza nani anastahili hoja inakuwa ngumu sana kuitetea.

Mwongozo huu ni wa swali la pili. Kama unataka la kwanza huhitaji ratiba sana, chukua viwango vya kompyuta kama SP+ au FPI usome kuanzia juu kwenda chini, basi.

HATUA YA 2: KUSANYA DATA, NA USIKUSANYE ZAIDI YA INAVYOTAKIWA

Fungua shiti moja kwa kila timu unayoichunguza. Kolamu ya mpinzani, kolamu ya mahali (nyumbani, ugenini, uwanja huru), kolamu ya matokeo. Timu za FCS, lile daraja la chini yake, usizitoe, ziandike kama zilivyo maana na zenyewe zimekula nafasi moja ya mechi 12. Pointi za mechi kwa sasa hazihitajiki, tutaona baadae kwanini.

Kitu kimoja usikiandike: namba ya mpinzani (nafasi yake kwenye orodha ya ubora) siku ile ya mechi. Hiyo namba ya Septemba inatokana na makisio ya kabla msimu haujaanza. Mtu anakwambia tulimfunga namba 10, kumbe huyo namba 10 kamaliza 5-7. Tumia ubora wa mpinzani wa mwisho wa msimu kwa mechi zote.

HATUA YA 3: WAPE WAPINZANI UBORA

Hapa ndo penye kazi, twende taratibu.

Njia ya zamani ni rekodi za wapinzani. Enzi za BCS, mfumo wa kuchagua timu za fainali uliotumika 1998 mpaka 2013, ugumu wa ratiba ulipigwa hivi: theluthi mbili rekodi za wapinzani wako, theluthi moja rekodi za wapinzani wa wapinzani wako. Ni rahisi lakini inadanganya, sababu timu ya 10-2 kutoka konferensi ndogo inaonekana ngumu kuliko timu ya 6-6 iliyochapwa na Ohio State, Oregon na Michigan. Ukiitumia angalau toa mechi ulizocheza wewe mwenyewe, maana ukimfunga mtu umemharibia rekodi na rekodi yake mbovu inarudi kukuumiza wewe, sasa hiyo haki iko wapi.

Njia ninayoipenda kwa mtu anayetaka kufanya mwenyewe bila kumtegemea mtu ni ya Colley, moja ya kompyuta sita za BCS. Haitumii pointi za mechi wala jina la chuo, inatumia kushinda na kufungwa tu. Kila timu inaanza na 0.5. Halafu kwa kila timu unachukua 1, unajumlisha nusu ya tofauti ya ushindi na vipigo, unajumlisha ubora wa wapinzani wake wote, jibu unaligawa kwa idadi ya mechi ukiongeza 2. Ukimaliza timu zote unarudia tena na ubora mpya, unarudia, mpaka namba zisitikisike tena. Excel inafanya yote hayo kabla chai yako haijapoa.

Tuone inavyofanya kazi. Timu ya 11-1 ambayo wapinzani wake 12 wana wastani wa 0.45: jumla ya wapinzani ni 5.4, ongeza 1 na 5 unapata 11.4, gawa kwa 14, jibu 0.814. Timu ya 9-3 yenye wapinzani wa wastani wa 0.60: 7.2 ongeza 1 na 3 ni 11.2, gawa kwa 14, jibu 0.80. Umeona? Vipigo viwili vya ziada karibu vimefutika vyote, ila sio vyote.

Njia ya tatu ni kuchukua viwango vilivyopo tayari ambavyo vinapimwa kwa pointi, kwamba timu hii ni pointi 15 juu ya wastani, ile ni 10 chini ya wastani. Hivi vinaangalia pointi za kila mechi kwahiyo vinamjua mpinzani vizuri zaidi. Na hapa kuna jambo watu wanalichanganya: kutumia tofauti ya pointi kupima UBORA WA MPINZANI ni sawa kabisa, ila kwa timu unayoihukumu tumia alishinda au alifungwa, usianze kumpa zawadi mtu kwa kumpiga kibonde 70-0.

Halafu kuna mtego wa konferensi. Ndani ya konferensi kila ushindi wa mmoja ni kipigo cha mwenzake, kwahiyo wakicheza wenyewe kwa wenyewe rekodi ya jumla ni nusu kwa nusu siku zote, iwe SEC (konferensi ya kina Georgia na Alabama) au iwe konferensi dhaifu kuliko zote. Kinachotwambia konferensi nzima ina uzito gani ni mechi za nje tu. SEC ya 2025 ilikuwa na timu 16 na kila moja mechi 4 za nje, jumla 64, na nyingi ya hizo ni vibonde. Zinazobaki dhidi ya konferensi nyingine kubwa, Big Ten, ACC na Big 12, na Notre Dame ni chache, na hukumu ya nchi nzima imeninginia hapo. Kwahiyo mtu akikwambia "konferensi yetu ni ngumu kwasababu tunafungana sana", mwambie akuletee mechi za nje. Kuanzia 2026 SEC wanaenda mechi 9 za ndani na bado wanatakiwa kucheza angalau moja ya nje na timu kubwa, tutaona itasaidia kiasi gani.

HATUA YA 4: ACHANA NA WASTANI

Hili ndo kosa kubwa kuliko yote, ukiondoka na kitu kimoja leo ondoka na hiki. Ugumu wa ratiba hauwi mmoja kwa kila mtu. Kwa timu inayogombea mtoano, mpinzani wa nafasi ya 100 na wa nafasi ya 130 ni walewale, atawafunga wote. Ila ukipiga wastani yule wa 130 anakushusha kwelikweli. Na kinyume chake, wa 3 na wa 33 kwenye wastani wanapishana 30 tu kama wale, wakati uwanjani ni mbingu na ardhi.

Mfano wa namba. Ratiba X ina mechi 12 na kila moja una nafasi ya asilimia 75 kushinda. Ratiba Y ina mechi 6 za asilimia 53 na 6 za asilimia 97. Zote zinakupa matarajio ya ushindi 9 kamili, ukiziangalia kwa wastani ni pacha. Sasa tafuta nafasi ya kumaliza bila kufungwa: X ni kama asilimia 3.2, Y ni 1.8. Yaani 12-0 kwenye ratiba Y ni kazi kubwa karibu mara mbili, na wastani haujaona kitu.

HATUA YA 5: CHAGUA TIMU YA KIPIMO

Badala ya kuuliza ratiba ni ngumu kiasi gani, uliza hivi: timu ya kawaida ya nafasi ya 12, ile ya mlangoni kabisa pa mtoano (tangu 2024 unachukua timu 12), ingepewa ratiba hii ingeshinda mechi ngapi? Kikapu cha vyuo wameshaanza kutumia kitu cha namna hii kwenye karatasi za kamati yao tangu msimu wa 2024-25, futiboli nao mwaka 2025 wakaongeza kipimo cha nguvu ya rekodi, kinachokupa zaidi ukimfunga mkubwa, kinachokupunguzia adhabu ukifungwa na mkubwa na kukubana ukifungwa na mdogo. Mwelekeo ni huo huo.

Kama una viwango vya pointi, chukua ubora wa timu ya kipimo utoe ubora wa mpinzani, ongeza kama pointi 2.5 kwa nyumbani au toa hizohizo kwa ugenini, halafu weka =NORM.DIST(tofauti,0,16,TRUE). Hiyo 16 ni mtawanyiko wa matokeo, ukiweka 15 au 17 dunia haiishi. Kama huna viwango tumia makundi, mimi natumia haya, ni makadirio yangu na wewe una ruhusa ya kuyabadili:

Kundi 1, sita bora: nyumbani 0.42, uwanja huru 0.35, ugenini 0.28
Kundi 2, wa 7 mpaka 25: nyumbani 0.62, uwanja huru 0.55, ugenini 0.48
Kundi 3, wa 26 mpaka 50: nyumbani 0.78, ugenini 0.67
Kundi 4, wa 51 mpaka 90: nyumbani 0.90, ugenini 0.83
Kundi 5, wa 91 kushuka: nyumbani 0.97, ugenini 0.94
FCS: 0.99

HATUA YA 6: PIGA HESABU

Timu A ni 11-1. Kacheza na kundi 1 ugenini mara moja, kundi 3 nyumbani mara mbili na ugenini moja, kundi 4 nyumbani mbili na ugenini tatu, kundi 5 nyumbani mbili, na FCS moja. Jumlisha: 0.28 + 1.56 + 0.67 + 1.80 + 2.49 + 1.94 + 0.99 = 9.73. Timu ya kipimo ingeshinda 9.73, huyu kashinda 11, kazidi 1.27.

Timu B ni 9-3. Kundi 1 nyumbani moja ugenini moja, kundi 2 nyumbani mbili ugenini mbili, kundi 3 moja moja, kundi 4 moja moja, kundi 5 nyumbani moja, FCS moja. Inakuja 8.04. Kashinda 9, kazidi 0.96.

Sasa angalia hapo. Ratiba ya B ni ngumu kweli, hakuna anayebisha, na hesabu imempa haki yake: tofauti ya ratiba hizi mbili ni ushindi 1.69. Ila pengo la rekodi ni ushindi 2. Kwahiyo A anabaki juu. B angekuwa 10-2 angekuwa na 1.96 na angempita A mbali sana, bila hata kujadili. Ratiba ina bei, na bei yake inajulikana, sio karata ya turufu ya kufuta kila kipigo. Mwaka 2024 mabishano ya Indiana (11-1) na Alabama (9-3) yalikuwa ya namna hii hii, na Alabama vipigo vyake viwili vilikuwa kwa Vanderbilt 40-35 na Oklahoma 24-3, sio kwa wababe. Indiana aliyefungwa na Ohio State 38-15 akaingia, Alabama akabaki wa 11 nje ya mlango, maana mabingwa Arizona State wa 12 na Clemson wa 16 walichukua nafasi zao kwa haki ya ubingwa wa konferensi zao. Ndio, Indiana akaenda kufungwa na Notre Dame 27-17, lakini hilo halibadilishi kitu, orodha inapima kilichokwishafanyika.

Kipimo hichohicho kinakuonyesha bei ya kila kipigo. Texas ya 2025 ilifungua msimu Columbus ikafungwa na Ohio State 14-7, baadae ikafungwa na Florida 29-21 na Georgia 35-10, ikamaliza 9-3 ikabaki nje, na watu wake wakalalamika kwamba wasingeenda Columbus wangekuwa 10-2 na wangeingia. Tupige: kufungwa ugenini na wa kundi 1 ni hasara ya 0.28. Ohio State na Georgia kwa pamoja ni 0.56. Florida, aliyemaliza 4-8, muweke kundi la 3 au la 4, kipigo kimoja kwake kinakula kati ya 0.67 na 0.83. Kilichowaua ni Gainesville, kule kwa Florida. Ila lalamiko lao lina ukweli kwa upande mwingine, kwamba wangeweka kibonde badala ya Ohio State wangepata 0.03 ya kushinda, yaani tofauti ni 0.31 tu, wakati kwa macho ya watu kutoka 9-3 kwenda 10-2 ni ngazi nzima. Kamati ikihukumu kwa idadi ya vipigo, wakurugenzi wa michezo watafuta mechi kubwa za Septemba, na nani wa kuwalaumu?

HATUA YA 7: TIKISA NAMBA ZAKO

Usiamini jibu lako kabla hujalisumbua. Shusha kundi 2 lote kwa 0.05 uone. Hapo juu A haguswi, hana mechi ya kundi 2, B anazo nne, matarajio yake yanashuka mpaka 7.84 na ziada inapanda 1.16, pengo linabaki 0.11. Sheria yangu ni kwamba pengo chini ya 0.25 ni sare, usijifanye unajua. Kwenye sare ndo unaleta mechi waliyokutana wenyewe, wapinzani wa pamoja, ubingwa wa konferensi.

Miami na Notre Dame 2025 wote 10-2, Miami alishinda walipokutana 27-24, wiki zote za Novemba kamati ikamweka Notre Dame juu halafu siku ya mwisho ikageuza, Miami akaingia. Uamuzi wa mwisho sahihi, ila kama mechi ya ana kwa ana ni ya kuvunja sare ingevunja tangu mapema. Baylor na TCU 2014 vilevile, wote 11-1, Baylor kashinda 61-58, na TCU aliyekuwa wa 3 akamfunga Iowa State 55-3 akashuka mpaka wa 6! Baylor naye walimkaba kwa mechi zake za nje, SMU, Northwestern State na Buffalo.

HATUA YA 8: MECHI YA 13

Fainali ya konferensi inaleta tabu kwasababu wengine wanacheza na wengine wako nyumbani wanaangalia TV. Kihesabu ni mechi kama nyingine, uwanja huru na wa kundi 1 ukishinda unapata 0.65, ukifungwa unapoteza 0.35. Mimi ushindi nauhesabu wote na kipigo nakihesabu nusu, maana mtu amefika pale kwa kushinda mechi ambazo aliyekaa nyumbani hakushinda. Unaweza kubisha, sawa, lakini chochote utakachochagua kitumie kwa wote. Desemba 2025 Alabama kafungwa na Georgia 28-7 akabaki wa 9 palepale, BYU kafungwa na Texas Tech 34-7 akashuka kutoka 11 kwenda 12, siku moja, kamati moja.

Na kwa wale wa konferensi ndogo kama UCF ya 2017, waliomaliza bila kufungwa wakapewa nafasi ya 12 halafu wakamfunga Auburn 34-27, njia hii haiwabebi wala haiwafungii. Ukiwa 12-0 kwenye ratiba ambayo kipimo kingeshinda 10.8, umezidi 1.2 na huwezi kuzidi hapo, dari lako ndo hilo. Uko karibu sawa na Timu A, juu kidogo ya Timu B (kwa sheria yangu ya 0.25 hiyo ni sare), na mtu akitaka kukutoa inabidi alete namba.